Mhitimu kutoka Pemba anataka kuandika blogu na kujiajiri: aanzie wapi?

Mtoto wa Wete ameuliza:

Assalamu alaykum ndugu zangu.

Nimemaliza shahada ya kwanza ya ualimu, masomo ya jiografia na Kiswahili, katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA). Tangu nirudi nyumbani Wete nimekuwa nikiomba nafasi za kazi kila zinapotangazwa kwenye mfumo wa Zanajira, na jioni ninasomesha tuisheni wanafunzi wa kidato cha pili na cha nne. Waombaji ni wengi kuliko nafasi, na sipendi maisha yangu yote yasimame kwa kungojea kuitwa kwenye usaili.

Nilipokuwa chuoni nilifungua blogu ya bure kwenye Blogger, na humo ninaandika kuhusu Pemba: msitu wa Ngezi, kisiwa cha Misali, magofu ya Ras Mkumbuu na Pujini, mchezo wa ng'ombe, msimu wa kuchuma karafuu, na namna mgeni anavyoweza kutoka Mkoani hadi Konde kwa gari za abiria bila ya kukodi. Wasomaji wapo, ingawa si wengi, na baadhi yao huniandikia kuuliza mambo ambayo sikuyagusa kabisa.

Ninaomba mnisaidie katika mambo haya. Je, mtu wa huku kwetu anaweza kweli kuishi kwa matangazo ya kwenye blogu? Niandike kwa Kiswahili au kwa Kiingereza? Na kabla sijapokea senti ya mtu, ni ofisi zipi ninazopaswa kuzipitia ili nisije nikajikuta upande mbaya wa sheria? Mzee wangu, aliyeitumikia serikali mpaka akastaafu, haoni kwamba kuandika ni kazi ya kumtegemeza mtu, na kila akiniuliza sina la kumjibu ila matumaini. Ningependa kupata jawabu lililo na uzito zaidi ya hayo.

Mkaazi wa Vuga amejibu:

Wa alaykum salaam mdogo wangu.

Naanza na matangazo, kwa sababu ndiyo yanayowapoteza vijana wengi. AdSense ya Google humlipa mwenye tovuti pale tangazo linapoonyeshwa kwa msomaji, na Kiswahili kimo katika orodha ya lugha inazozikubali, kwa hiyo lugha yenyewe haikuzuii kuingia. Kinachobana ni bei. Nafasi ya tangazo huuzwa kwa mnada unaofanyika kimyakimya kila ukurasa unapofunguliwa, na watangazaji hupandishiana kwa kutazama msomaji yuko nchi gani na anasoma jambo gani. Wanaomgombania msomaji aliyeko Wete ni wachache mno ukiwalinganisha na wanaomgombania mtu aliyeko Uingereza anayetafuta hoteli ya kufikia, na ndiyo maana makala mbili zenye idadi moja ya wasomaji zinaweza kuleta senti kadhaa huku na pesa ya kuonekana kule. Juu ya hayo, Google haitoi malipo mpaka hesabu yako ifikie dola 100 za Marekani, na blogu changa inaweza kukaa muda mrefu sana kabla ya kuufikia mstari huo. Yaweke matangazo ukipenda, yakununulie bando, lakini usiyaandike katika bajeti yako kwa jina la mshahara.

Sasa watazame waliotangulia, maana historia ya blogu barani Afrika inafundisha jambo ambalo wauzaji wa kozi za utajiri wa mtandaoni hawalisemi. Ndesanjo Macha, anayetajwa kuwa miongoni mwa wa mwanzo kabisa kuandika blogu kwa Kiswahili, alianza katikati ya miaka ya 2000 na blogu aliyoiita Jikomboe. Kilichomfungulia njia hakikuwa matangazo, bali ni kule kujulikana kwamba anaandika vizuri na anaifahamu Afrika, hata akawa mhariri wa Global Voices, mtandao wa waandishi wa blogu wa duniani, kwa nchi za kusini mwa Sahara. Muhidin Issa Michuzi alikuwa tayari mpiga picha wa gazeti alipofungua blogu yake mwaka 2005, na Watanzania waliokuwa ng'ambo wakaifanya kuwa dirisha lao la kuiona nyumbani.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa jirani zetu Kenya. Ory Okolloh alikuwa mwanasheria aliyekuwa akiandika blogu ya siasa. Vurugu za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilipozuka na habari zikawa hazipatikani, mwanzoni mwa Januari 2008 aliandika kupendekeza kwamba wenye ujuzi watengeneze ramani ambayo wananchi wenyewe wangeweza kutuma humo taarifa za matukio. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, ambao wote walikuwa watu wa blogu na wa mitandao, waliitikia, na kwa muda mfupi sana programu ya Ushahidi ikazaliwa. Baadaye ilitumika katika nchi nyingi duniani, na kutokana na kundi hilo hilo ikafunguliwa iHub mjini Nairobi mwaka 2010, mahali walipokutana vijana wengi walioanzisha kampuni za teknolojia. Asili ya yote hayo ni andiko moja la blogu, lakini lilisomwa na watu ambao tayari walikuwa wanamwamini aliyeliandika.

Utaniambia, mbona Linda Ikeji wa Nigeria alitajirika kwa matangazo? Ni kweli, alianza mwaka 2006 na akafika mbali. Lakini yeye aliandika habari za wasanii na watu mashuhuri, kwa Kiingereza, katika nchi yenye watu wengi kuliko nyingine yoyote barani Afrika. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu Wazanzibari wote, Unguja na Pemba, tukawa 1,889,773. Biashara inayohitaji mamilioni ya wasomaji kila mwezi haiwezi kuigwa hapa kwa kubadilisha majina tu.

Kwa hiyo mimi nisingeuliza blogu italipa kiasi gani. Ningeuliza ni nani atakayenilipa kwa jambo ninalolijua, na blogu itamfikishaje kwangu. Umesema wasomaji wanakuandikia kuuliza mambo ambayo hukuyagusa. Ndugu yangu, hiyo ndiyo sentensi yenye thamani kubwa kuliko zote katika barua yako, nawe umeipitia kama uliyekuwa na haraka. Yaandike maswali hayo yote mahali pamoja, na utazame lipi linarudi na ni la mtu wa aina gani.

Kuhusu lugha, andika kwa zote mbili, ila usitafsiri makala moja ukaiweka mara mbili, kwa sababu wasomaji wako hawaulizi jambo moja. Mgeni anataka kujua boti inaondoka lini, Misali inafikika vipi, na avae nini anapopita vijijini. Mwenyeji anataka kujua habari za msimu, za skuli, za mikopo, za mtu wa kwao aliyefanikiwa. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 638,000, na sehemu kubwa sana yao waliishia Unguja. Ukiandika kwa Kiingereza kuhusu Nungwi utakuwa nyuma ya maelfu ya kurasa nyingine. Ukiandika kwa uangalifu kuhusu Ngezi au Kigomasha, waliokutangulia ni wachache.

Mstaafu wa Chake amejibu:

Mwanangu, nimekusoma na nimemsoma bwana wa Vuga. Mimi nitasema kwa niaba ya mzee wako, kwa kuwa hapa naona hana wakili.

Sisi tuliokulia katika ajira ya serikali hatuchukii kuandika. Tunachouliza ni pesa inatoka wapi mwezi huu, na mwezi ujao itatoka wapi. Ukitaka akuelewe, usimwonyeshe idadi ya watu waliofungua ukurasa wako. Mwonyeshe daftari lenye mapato upande mmoja na matumizi upande wa pili, hata kama mapato yenyewe ni ya tuisheni na ya kumwandikia mtu barua. Endelea pia kuomba ualimu. Ukiajiriwa hutakuwa umeshindwa, kwa kuwa wapo walimu wengi wanaofundisha asubuhi na kufanya biashara zao halali jioni, ingawa itabidi uyasome vyema masharti ya utumishi kabla ya kuandika mambo ya siasa.

Jambo jingine ni mtaji. Usikope kwa ajili ya blogu. Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi (ZEEA) upo na unawapatia vijana mikopo, na anayeogopa riba anaweza kuuliza habari za huduma za Kiislamu za Benki ya Watu wa Zanzibar (PBZ), lakini mkopo ni wa kitu kinachouzwa na kinachojulikana kitalipwa lini. Blogu yako ya bure inatosha kwa sasa.

Bi Mwani wa Paje amejibu:

Mdogo wangu, mimi si mtu wa kompyuta, ni mkulima wa mwani, na ninakujibu kwa sababu maandishi yametufaa sisi kwa njia ambayo sikuitarajia.

Kilimo cha mwani kililetwa pwani ya mashariki ya Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa mbegu kutoka Ufilipino, na mpaka leo wengi wa wakulima wake ni wanawake. Aina ya cottonii ndiyo yenye bei nzuri, lakini imekuwa ikifa maji ya pwani yanapopata joto, tukabakia zaidi na spinosum ambayo bei yake ni ndogo. Tukiuza mwani mkavu kwa kilo, bei tunapangiwa na wanunuzi wanaousafirisha nje. Ndipo kikundi chetu kikaanza kusaga mwani na kutengeneza sabuni kwa mafuta ya nazi, pamoja na mchaichai na karafuu. Sabuni tukapanga bei wenyewe, ila tukakutana na shida nyengine: mnunuzi haelewi kwa nini aache sabuni ya dukani anunue ya kwetu iliyo ghali kuliko ile.

Kijana mmoja wa hapa kijijini, aliyemaliza chuo kama wewe, alijitolea kuandika kwa niaba yetu. Hakuandika kwamba sabuni yetu ni bora kuliko zote. Aliandika namna tunavyongojea bamvua ili maji yatoke vya kutosha tuweze kufika kwenye vigingi, namna mbegu zinavyofungwa kwenye kamba, muda wa kuanika, mvua inaharibu nini, na kwa nini sabuni inaachwa wiki kadhaa ikauke kabla ya kuuzwa. Akaweka picha za mikono inayofanya kazi, tena kwa idhini ya wenye mikono. Watu wa hoteli za ufukweni wakasoma, wakaja kutazama, na wengine wakaagiza. Yule kijana sasa tunamlipa kila mwezi kwa kuandika, kupiga picha na kujibu wateja, na anafanya hivyo kwa vikundi vingine pia. Hana duka wala shamba, lakini ana kazi.

Katika kumtazama nimejifunza mambo mawili. La kwanza, bei iandikwe. Sijui ni nani aliyewafundisha wauzaji wa mtandaoni kusema "bei njoo inboksi". Mnunuzi anayefichwa bei huhisi anapimwa mfuko wake, na aghalabu hurudi alikotoka. La pili, makala iliyojibu swali moja la kweli la mnunuzi huuza kwa muda mrefu kuliko tangazo la kulipia, maana tangazo likimalizika pesa limekwisha, ila swali lile lile huulizwa tena mwakani na mtu mwengine.

Nawe huko Pemba mna halua ya Wete, mna mikeka, mna asali, mna viungo. Wanaovitengeneza hawana muda wala ujuzi wa kuandika. Wewe unao wote wawili.

Karani wa Hesabu, Mwanakwerekwe, amejibu:

Nitajibu swali la ofisi, ambalo mpaka sasa limerukwa.

Ukitaka kufanya biashara kwa jina lisilo lako, jina hilo husajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar (BPRA). Nalisema hili kwa sababu vijana wengi husoma maelekezo ya mtandaoni yanayoitaja BRELA, ambayo ni ya Tanzania Bara. Mkaazi wa Wete hana sababu ya kuanzia huko. Leseni ya biashara utaiulizia Baraza la Mji la Wete. Upande wa kodi una mamlaka mbili, na watu huzichanganya: TRA husimamia kodi ya mapato na ushuru wa forodha kwa pande zote za Muungano, wakati Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA), ambayo hadi mwaka 2022 ilikuwa Bodi ya Mapato, hukusanya kodi zisizo za Muungano, ikiwemo kodi ya ongezeko la thamani ya hapa ndani na tozo za hoteli. Nenda ukaulize mapema, ungali mdogo. Wenye matatizo ninaowaona ofisini ni wale waliokuja baada ya kukua.

Kuhusu maudhui, historia yake ni hii. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wanablogu wa Tanzania kukata leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na ada zake kwa jumla zilipita shilingi milioni mbili. Mwezi wa Juni mwaka huo hata JamiiForums, jukwaa la mijadala la mtandaoni, ililazimika kusimamisha huduma kwa muda. Kanuni hizo zilifutwa na nyengine za mwaka 2020, na baadaye kukawa na marekebisho yaliyoshusha ada. Kwetu kuna jambo la ziada: posta na simu ni mambo ya Muungano, ila utangazaji si jambo la Muungano, na Zanzibar ina Tume yake ya Utangazaji. Kuandika habari za vivutio na bidhaa ni jambo moja, na kutoa habari za matukio au kufungua televisheni ya mtandaoni ni jambo jengine kabisa. Ukikusudia hilo la pili, ulizia kwa maandishi, katika Tume na katika TCRA, kabla ya kurusha chochote, na majibu uyahifadhi. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatumika Bara na Zanzibar, kwa hiyo usichapishe usilokuwa na uhakika nalo kuhusu mtu.

Bi Mwani ametaja viungo, asali na halua. Bidhaa ya chakula au ya kupaka mwilini inapofungashwa na kuuzwa, Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar (ZFDA) unahusika, na Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS) pia. Karafuu ina sheria yake. Mnunuzi wa karafuu za wakulima ni Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC), na wewe Mpemba si leo unayoanza kusikia kuhusu magendo ya karafuu na yanavyochukuliwa. Kwa hiyo usije ukaweka kwenye blogu kwamba unapokea oda za magunia ya karafuu kutoka nje. Kuandika namna zinavyochumwa, zinavyochambuliwa na kuanikwa, au namna makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yanavyotolewa mafuta katika kiwanda cha Wawi, hakuna anayekukataza.

Jambo la utalii ni hivyo hivyo. Kuongoza wageni na kuuza safari kunahitaji leseni ya Kamisheni ya Utalii. Ukiwa huna, njia iliyo safi ni kuingia makubaliano na kampuni ya Pemba iliyo na leseni, ukawapelekea wageni wanaotokana na blogu yako, nao wakakulipa kamisheni kwa kila mgeni. Andikeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja, unaosema kamisheni ni asilimia ngapi na inalipwa lini, kabla au baada ya safari. Nimeona udugu ukivunjika kwa kukosekana ukurasa huo.

Na picha zako uzilinde. Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki ya mwaka 2003 na chombo chake, COSOZA, tofauti na COSOTA ya Bara. Ukiwa na picha nyingi za Pemba ulizozipiga mwenyewe, hiyo ni mali unayoweza kuwauzia wenye hoteli na wachapishaji, mradi uwe umehifadhi picha za asili zenye ukubwa kamili na si zile zilizobanwa na WhatsApp.

Mtoto wa Wete amejibu:

Nawashukuru sana, na Bi Mwani nakushukuru peke yako.

Nimefanya kama alivyonishauri kaka wa Vuga, nimeyakusanya maswali niliyowahi kuulizwa. Nilidhani wengi watakuwa ni watalii. Kumbe sehemu kubwa imetoka kwa watu wa Pemba walioko nje, na wanauliza mambo ambayo sikuyatarajia: kama barabara ya kijijini kwao imefika wapi, kama skuli fulani imefanyiwa ukarabati, nani anayeweza kuwapelekea wazee wao mzigo, na yuko wapi fundi mwaminifu wa paa. Wengine wanaomba tu picha za mahali walipozaliwa. Sikuwa nikiyahesabu maswali haya kuwa ni biashara, nikiyajibu bure kama salamu.

Nauliza mawili. Mtu aliye ng'ambo atanilipaje? Na je, ile ruzuku ya Tony Elumelu inayosemwa sana, inamfaa mtu wa hali yangu?

Mpemba wa Maskati amejibu:

Kaka, mimi ni mmoja wa watu unaowaeleza, ila sijawahi kukuandikia.

Kwa kuanza na malipo: kwa miaka mingi akaunti za PayPal za Tanzania zimekuwa za kulipia na si za kupokelea, kwa hiyo usijenge biashara juu yake kabla hujahakikisha. Sisi tulioko nje tuna njia rahisi zaidi, tunatuma kupitia kampuni za kutuma pesa na zinaingia moja kwa moja kwenye simu ya mpokeaji. Kwa kiasi kikubwa tumia akaunti ya benki, na iwe ya biashara, ili pesa za wateja zisichanganyike na za tuisheni. Kama utaweka AdSense, ujue kwamba hesabu ikifika dola 10 Google hutuma kwa posta barua yenye namba ya kuthibitisha anuani, kwa hiyo tafuta sanduku la posta ambalo funguo yake unaijua iko kwa nani. Mambo madogo kama hayo ndiyo yanayowakwamisha watu, na huoni yakitajwa katika video za kuhamasisha.

Ruzuku ya Taasisi ya Tony Elumelu ni ya kweli. Programu yao ilianza mwaka 2015, inapokea wajasiriamali kutoka nchi zote 54 za Afrika, na wanaochaguliwa hupata mafunzo pamoja na mtaji wa dola 5,000 usiorejeshwa. Maombi kwa kawaida hufunguliwa tarehe 1 Januari, na hakuna ada ya kuomba. Anayekutoza pesa ili akuombee, mkimbie. Lakini wanataka kuona biashara, yaani nani mteja, analipa kiasi gani, na pesa zile zitaongeza nini. Ukiomba leo utakuwa na blogu tu ya kuwaonyesha. Fanya kazi na wateja wachache kwanza, halafu uombe ukiwa na hesabu mkononi.

Sasa nikwambie kwa nini nadhani umeliona jambo lenyewe. Wapemba tuko Omani, Mombasa, Dar es Salaam, Uingereza, Kanada, na tunasoma Kiswahili kila siku. Tunajenga Pemba na kuwatunza wazazi tulio mbali nao, na kila mmoja wetu ana kisa cha pesa aliyoituma ikafanya jambo jengine. Tatizo letu si kukosa jamaa, jamaa tunao wengi. Tatizo ni kwamba jamaa huwezi kumdai taarifa ya maandishi. Mtu asiyekuwa wa ukoo, anayejulikana kwa maandishi yake, anayekwenda mahali, akapiga picha zenye tarehe, akaandika alichokiona bila kukipamba na kutaja kilichosalia, mtu huyo tunamlipa. Makala zako za bure ndizo zinazotupa sababu ya kukuamini. Ile uliyoandika kuhusu gari za Konde, ambamo ulisema waziwazi kwamba kituo fulani hakina kivuli wala choo, ndiyo iliyonifanya nikufuate, kwa sababu watu wa matangazo wasingeandika hivyo.

Ila jiwekee mpaka. Usipokee pesa za watu za kununulia saruji na mabati. Ukishashika pesa za ujenzi umekuwa mkandarasi, na lawama zitakufuata. Wewe uza kutazama na kuandika. Toza kwa safari moja, kwa bei inayojulikana, ikiwa imeshahesabu nauli na siku yako nzima, na wa Micheweni asilipe sawa na wa Wete mjini.

Mimi nina nyumba inayojengwa Micheweni, imefika kwenye lenta, na fundi ananiambia imeshaezekwa nusu. Nataka picha za pande zote nne na za ndani, hesabu ya mabati yaliyopo kwenye eneo, na ukurasa mmoja wa maelezo. Niandikie bei yako hapa hapa, ili na wengine waione.

Mtoto wa Wete amejibu:

Nitakwenda Jumamosi, inshaallah, kwa kuwa siku hiyo sina tuisheni. Bei ni shilingi 40,000, na nauli imo ndani yake. Naomba unitumie namba ya fundi, na pia umjulishe yeye mwenyewe kwamba ninakuja, ili asidhani nimetumwa kumpeleleza.

Karani wa Hesabu, Mwanakwerekwe, amejibu:

Shilingi 40,000 kwa siku nzima, pamoja na nauli na maandishi, ni kidogo. Ukianza na bei hiyo mbele ya watu wote hawa, kuipandisha baadaye kutakuwa na maneno. Sema kwamba ni bei ya mteja wa kwanza, na uandike sasa hivi bei ya wa pili.